Mashine ya Kunyolea na Ndevu za Abti

Nikiulizwa kama ile mashine ilikuwa nzuri, jibu langu halijabadilika: ilikuwa nzuri mno. Ingekuwa mbovu ingenikwaruza mimi kwanza, ningeitupa jalalani, na mambo yangeishia hapo.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na duka la vitu vidogo vidogo sokoni Garissa: betri, tochi, sabuni, kanda za redio. Mfanyabiashara mmoja wa Nairobi aliniletea mashine moja ya umeme ya kunyolea ndevu niijaribu. Nikiipenda angenitumia katoni nzima. Mimi siamini maneno ya muuzaji yeyote, hata yangu mwenyewe. Nikaijaribu juma zima. Niliichaji kila stima ilipojisikia kurudi, na chaji moja ilinitosha siku nne. Haikuwasha ngozi kama wembe wa kinyozi wa karibu na msikiti. Haikutaka maji wala sabuni, na sisi tulionunua maji kwa mtungi tulijua thamani ya hilo. Ilikuwa na kichana cha plastiki unachokivalisha mdomoni mwake: ukikivalisha inapunguza ndevu tu, ukikitoa inanyoa hadi ngozini. Kasoro niliyoiona ilikuwa moja. Kichana kililegea kidogo. Nikajiambia hilo si kitu, wateja watazoea.

Juma hilohilo akafika mjomba wangu kutoka Habaswein. Sisi mjomba humwita abti, naye kwa desturi yetu hukuita wewe abti vilevile, kwa hiyo tuliitana jina moja tangu nilipojua kusema. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia lilikuwa linafuata. Daktari bingwa aliyekuja Nairobi kwa siku chache kutoka ng'ambo alikubali kulipasua Jumanne, na jioni ya siku hiyo angepanda ndege kurudi kwao. Abti alikuwa na Jumanne hiyo tu.

Alikuwa na ndevu ndefu zilizopakwa hina, nyekundu, zilizofika kifuani. Muuguzi alikuwa amemshauri apunguze za mashavuni ili plasta ya jicho ipate kushika. Jumapili baada ya sala ya adhuhuri akaomba nimpeleke kwa kinyozi.

"Kinyozi wa nini, abti," nilimwambia, "na mimi nina mashine?"

Mama yangu alikuwa akichambua mchele mlangoni. Akainua kichwa. "Ndevu za mtu anayesafiri kesho haziguswi," akasema.

Nikamcheka. Nilidhani ni yale mambo ya wazee, ya kuogopa bundi na kupiga chafya. Sikumuuliza kwa nini. Angeniambia, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshateremshwa kwenye basi mara mbili pale darajani, penye kizuizi cha askari.

Nikamkalisha abti kwenye kiti cha plastiki uani. Shavu la kwanza lilikwenda vizuri, nikawa namsifia mashine kana kwamba nimeiunda mimi. Kwenye shavu la pili ikaanza kunguruma vibaya. Hina ya miaka mingi ilikuwa imezikausha nywele zikawa ngumu, na unga wake ukaziba meno ya mashine. Mtu mwenye subira angeizima akaisafisha. Mimi nikakandamiza. Kichana kikachomoka, na mashine ikapita kutoka sikioni hadi kidevuni, ikaacha njia nyeupe ya ngozi isiyoona jua tangu ujana wake.

Nikajaribu kusawazisha. Kila nilivyosawazisha nilizidi kupunguza, mpaka hapakubaki kitu cha kusawazisha.

Abti akapeleka mkono kidevuni, akapapasa polepole. "Abti," akasema, "umebakisha nini?"

"Zitaota," nikamjibu.

Mama alizifagia zile nywele nyekundu bila kunitazama. Usiku ule hakula.

Jumatatu asubuhi tulipofika kwenye daraja la Tana abiria wote tukateremshwa, kama kawaida. Miaka hiyo sisi Wasomali tulitembea na kadi mbili: kipande, yaani kitambulisho, alichokuwa nacho kila Mkenya, na kadi nyingine ya kuonyesha kwamba tumekaguliwa tukaonekana kweli ni wa hapa. Katika zote mbili abti alikuwa na ndevu zake. Ndipo nikamwelewa mama, kabla hata askari hajanyoosha mkono.

Askari alitazama picha, akatazama uso, akatazama picha tena.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Ni mimi, afande. Bicha yangu hiyo."

"Huyu ana ndevu."

"Ndefu ilikuwa iko. Jana imenyolewa."

Askari akacheka, na sikukipenda kicheko chake. "Nimekaa huku miaka sita. Sijaona mzee wa Kisomali akinyoa ndevu. Halafu wewe unyoe jana, leo uende Nairobi? Unamkimbia nani?"

Lilikuwa swali la mtu anayetujua. Ningeinamisha kichwa nimweleze taratibu, nimwonyeshe barua ya daktari, labda angetuelewa. Lakini hasira zangu hazijui foleni. Nilimwambia, mbele ya basi zima, kwamba kama haoni kuwa huyu na huyu ni mtu mmoja, basi kipofu ni yeye.

Alizitia zile kadi mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Basi likaondoka bila sisi.

Tulikaa kwenye banda la mabati kandokando ya barabara. Abti hakunilaumu. Aliniuliza tu, kila baada ya muda, imebaki saa ngapi ifike Jumanne. Halafu Jumanne ikafika, akaacha kuuliza. Tuliachiliwa Jumatano, kadi zikarudishwa, baada ya chifu wa kwao kuja kumtambua. Nairobi tulifika Alhamisi, tukakuta chumba cha daktari kinafagiliwa. Kabla ya mvua kunyesha tena, lile jicho la kulia nalo likazima.

Mfanyabiashara aliponiuliza habari ya mashine nilimwambia ni nzuri, na sitaki hata moja. Sikumweleza zaidi. Ile niliyokuwa nayo niliifunga kwa kitambaa nikaiweka juu ya kabati, na nadhani bado ipo.

Ndevu ziliota zote, ndefu kama zamani. Abti alihamia kwetu, na hina ikififia mimi ndiye ninayempaka, kwa sababu hawezi tena kuiona. Nikimaliza hutoa kipande mfukoni, hukipapasa, hukishika kando ya shavu lake, hunigeuzia uso.

"Abti, nimefanana?"

Natazama picha, natazama uso. "Umefanana, abti."

"Basi sasa watanipitisha," husema, na kukirudisha kipande mfukoni.