Mwaka Niliokataa Kumwogesha Zaina

Enzi zetu, na wenzangu wa Tanga mtanisahihisha nikikosea, mtoto hakuingia mwaka mpya akiwa mkavu. Siku ya mwaka wetu wa Waswahili ikifika, mwezi wa saba, alfajiri jivu lote la jikoni lilizolewa likamwagwa mbali, nyumba ikafagiwa hadi uvunguni, kisha bibi yangu, Bibi Mwanahamisi mama yake baba, akatupanga mstari kama bata: mimi, na Mwanaidi, na Tatu binti Saidi, Hidaya wa nyumba ya nyuma, na Maimuna mwenye mwanya. Safari mpaka pwani, kwa miguu, mchanga bado baridi, midomo inatutetemeka kwa usingizi na si kwa woga.

Bibi alifunga kanga kwapani akaingia mpaka kiunoni. Akakuita mmoja mmoja, akakuwekea kiganja utosini, akakuzamisha mara saba. Kila ukiibuka alisema, "Shari iende na maji, heri ibaki na mwana." Waliobaki ufukweni waliitikia amina. Kama mlikuwa na ugonjwa, au msiba, au baba kafukuzwa kazi, basi yote hayo mliyaacha humo. Maimuna alikuwa hanyamazi hata ndani ya maji, na mwaka mmoja Bibi alimzamisha mara ya nane. "Hiyo ni ya ulimi wako," akamwambia. Tulicheka mpaka Tatu akanywa maji ya chumvi akatapika.

Tukirudi nyumbani tulikuta kunde na mahindi yamepikwa kwa nazi nzito, sinia moja, mikono sita. Kisha rede uwanjani mpaka magoti yachubuke. Shule mimi niliishia darasa la pili, lakini hayo ya pwani sikufeli. Siku hizi nawaona watoto hapa Toronto wanapelekwa kuogelea kwa ratiba, na miwani, na kofia ya mpira, na mwisho wanapewa cheti. Cheti cha kuoga! Bibi Mwanahamisi angekiwashia moto wa maandazi.

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika.

Mwaka wa elfu mbili na nane nilikuwa nakaa na binti yangu Rukia na mjukuu wangu Zaina, mtaa wa Regent Park hapa Toronto, kabla majengo yetu hayajavunjwa. Zaina alikuwa na miaka minane. Baba yake, Salim, alikwenda magharibi ya nchi kutafuta kazi, akawa anapiga simu kila siku, kisha kila Ijumaa, kisha ikaja talaka kwa posta. Mtoto hakulia. Aliacha kula wali, akawa anakula mkate mkavu tu. Nilipokuwa namsuka nywele nilimhadithia habari za pwani, ile ya kuacha shari majini, ili nimtoe mawazo. Alisikiliza yote, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, nami nikadhani yanaingia huku yanatokea kule.

Mwezi wa tano Rukia akapata likizo ya juma moja. Akasema twende Halifax, kuna bahari, na wageni hawajaanza kuja, hoteli ni rahisi. Tukaenda. Mji ulikuwa kama nyumba ya harusi kabla wapishi hawajafika. Vibanda vya aiskrimu vimepigiwa mbao, viti vimepinduliwa juu ya meza, boti za kutembeza watu zimefunikwa maturubai. Mwanamume mmoja alikuwa anapaka benchi rangi, akatuomba radhi kana kwamba tumemfumania. Upepo ulininusisha mwani. Miaka kumi na tisa sikuwa nimeinusa bahari. Nilisimama nikashika kitambaa changu, nikayaonea haya machozi yangu.

Siku ya pili tukashuka ufuko mdogo wa mawe. Rukia alibaki juu na simu. Zaina akavua viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri ndani ya viatu. Akanishika mkono.

"Bibi," akasema, "niogeshe mwaka."

Kwa Kiswahili. Sentensi nzima, haina kasoro, pengine alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima ndani ya ndege.

Nikamwambia, "Maji ya barafu haya, mama, utaugua kifua."

"Kidogo tu."

"Siku ya mwaka haijafika. Ni huko kwenye kiangazi cha huku."

"Tutarudi?"

"Tutarudi kiangazi, inshallah. Vaa soksi."

Baridi nilisingizia. Ukweli ni kwamba darasani kwetu, kwa wanawake wa msikitini, tulikuwa tumeambiwa mambo yale ni ujinga wa wazee wetu, nami niliitikia kwa kichwa kuliko wote, nisionekane mshamba. Na pale ufukweni walikuwapo Wazungu wawili na mbwa wao, wanatutazama. Nilichagua macho ya watu, nikaacha ya mtoto. Zaina alivaa soksi, moja moja.

Kiangazi Rukia alibadilishiwa zamu. Cha pili tukahama. Cha tatu sikumbuki ilikuwa nini, na mimi sisahau vitu. Zaina akawa mrefu kuliko mimi, na neno mwaka hakulitaja tena.

Alipokuwa anaondoka kwenda chuo kikuu, namkunjia nguo zake, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia nilimkosea kule Halifax, anisamehe. Nilitegemea aseme hakumbuki. Akacheka kidogo, akanijibu kwa Kiingereza chake, polepole ili nimwelewe: "Bibi, nilijiogesha mwenyewe."

Jioni ileile, hotelini, mimi nikiwa naswali na mama yake kashuka kutafuta chai, alijaza bafu maji. Alikuwa amekusanya vile vipakiti vya chumvi vya mkahawani, akavitia vyote. Akajizamisha mara saba.

Nikamuuliza, "Ulisema nini?"

"Sikuyajua maneno," akasema. "Nilisema tu jina la baba yangu."

Nimezungumza na Hidaya kwa simu, ndiye pekee aliyebaki katika wale watano ukinitoa mimi. Nikamweleza yote haya. Sisi tulikuwa na bahari nzima na kiganja cha mtu mzima utosini, hatukujua kama kuna mtoto anaweza kuvikosa. Mjukuu wangu alikuwa na bafu la hoteli, na bibi yake mzima wa afya chumba cha pili, kafunga mlango.

Mara nyingi nawasikia wa rika langu wakilalamika kwamba watoto wa leo hawayataki mambo yetu. Wangu aliyataka.