Beki Aliyeinamisha Macho

Kuna Jumamosi moja ambayo bado naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu siku hiyo nilikaripiwa na bikizee ambaye hajawahi kuvaa kiatu cha kutelezea maishani mwake. Wewe sasa umeanza kazi yetu hii ya kuzunguka viwanja vya hoki ya barafuni kuwapima vijana, basi acha nikusimulie. Wakati ule nilikuwa kijana kama wewe. Goti lilikuwa limeshanistaafisha uchezaji, nikapata kazi ya kumsaidia mzee mmoja wa Quebec, Monsieur Réjean, aliyetumwa na timu yake kutafuta wachezaji huku Ulaya.

Tulikuwa tunamfuatilia beki wa miaka kumi na saba, Héritier, mtoto wa watu wa kwetu Likasi, waliohamia mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe huku Ulaya. Drafti ilikuwa inakaribia, yaani ile siku timu za Amerika huwachagua vijana kwa zamu. Asiyeitwa jina siku hiyo, mlango wake hubaki ufa tu. Barafuni tulishamwona. Alikuwa mwepesi kurudi nyuma, hapigi watu ovyo, na kile kisahani cheusi wanachokigombania alikipokonya kama mtu anayeokota kitu chake. Kilichobaki ni kumjua tabia, ndiyo maana tukaenda kwao.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikuta mezani bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi, na Monsieur Réjean alikula vizuri, simsingizii. Kisha akamgeukia Héritier, akamuuliza kwa Kifaransa: nahodha wako akikosea katikati ya mchezo, unamwambia nini? Kijana akainamisha macho kwenye zulia, halafu akamtazama baba yake. Baba, Papa Kazadi, akajibu kwa fahari kwamba mwanawe amelelewa vizuri, hajibizani na wakubwa. Maswali yote yakaenda hivyo hivyo, anaulizwa mtoto, anajibu baba.

Wewe unajua kwetu. Mtoto mwenye adabu hamkodolei mgeni macho, wala hatangulii kusema baba yake akiwa amekaa. Lakini kwa Monsieur Réjean, beki ndiye anayeuona mchezo wote mbele yake, na asipowaita wenzake ni sawa na kwamba hayupo. Tulipofika chini mlangoni akaniambia, huku akifunga koti, kwamba miguu ni mizuri na mikono ni mizuri, ila beki bubu hamchukui. Nikaitikia, "Oui, Monsieur," naye akapanda teksi. Alikuwa rika la baba yangu, ningembishia vipi?

Nikapanda tena juu kuwaaga wakubwa inavyopasa. Jikoni nilimkuta bibi yake Héritier, Kambo Veronika, maana kwetu bibi tunamwita kambo, anasuuza sahani.

"Muzungu amesema nini?"

Nikamweleza.

"Na weye ulimujibu nini?"

"Nilinyamaza, kambo. Ule ni mukubwa wangu."

Akafunga maji, akajipangusa mikono kwenye kitenge chake bila haraka.

"Alors, sikiliza. Baba ya mutoto anajua mambo ya kwetu. Muzungu anajua mambo ya kwabo. Weye njo ulikuwa muntu moja tu pale mwenye kujua byote mbili, na ulikaa kimya kama kiti. Heshima gani ile? Mutoto anapoteza njia yake, weye unaniambia heshima? Bon, kesho utamuambia. Na kwa adabu, hein!"

Niliona aibu, mwanangu, tena aibu ya kweli. Heshima si utumwa, msemo huo nilikuwa naujua tangu utotoni, lakini niliujua mdomoni tu.

Kesho yake kulikuwa na mechi kwenye uwanja wa mtaa wa Forest. Nilimsubiri Monsieur Réjean mlangoni, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba alichokiona jana ni adabu, naye amekidhania woga.

"Mbona hukusema jana?" akauliza.

"Kwa sababu na mimi nimelelewa nyumba kama ile."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba tusikae vile viti vya juu tulivyozoea, ambako muziki na kelele za wazazi humeza kila kitu. Tukasimama chini, kwenye kioo nyuma ya kipa.

Hapo ndipo alipomsikia kijana. "Derrière! Laisse, laisse! Toi, remonte!" Yaani nyuma yako, acha, wewe panda mbele! Aliyekuwa anafokewa hivyo ni nahodha, mtu mwenye ndevu zake, na alitii. Sauti ya Héritier ilipenya kelele ikamfikia hata Papa Kazadi, aliyekaa na Kambo Veronika kule juu, akainuka kwenye kiti, kama kambo alivyonisimulia baadaye.

"Mutoto anafokea bakubwa? Leo atanijua!"

Kambo Veronika akamvuta koti akae. "Ikala! Ile ni kazi yake."

Monsieur Réjean alibaki pale kwenye kioo mpaka mwisho, pua imekuwa nyekundu kwa baridi, na ripoti yake akaiandika upya. Drafti ilipofika, jina la Héritier liliitwa. Si sisi tuliomchukua. Timu nyingine ilituwahi, na Monsieur Réjean alinuna siku nyingi. Papa Kazadi alilia waziwazi mbele ya wageni, naye Kambo Veronika akauliza tu kama baridi ya kule inaizidi ya hapa.

Basi, mwanangu, shika haya. Usimpime kijana mbele ya baba yake ukadhani umempima yeye. Mfuate mahali anapofanya kazi yake, usogee mpaka umsikie. Na wewe uliyelelewa na pande mbili, usijifanye mgeni wa zote mbili. Ukijua jambo ambalo wenye uamuzi hawalijui, liseme kwa adabu, ila liseme mapema. Kunyamaza kwako hakuna atakayekuuliza, lakini atakayekulipia ni mtoto wa mtu.

Mungu akulinde njiani, akubariki katika kazi hii ya baridi, akupe jicho lisilo na haraka. Na siku utakapomwona mkubwa anakosea, akufungue mdomo, hata kama mkubwa huyo ni mimi.