Ngamia wa Kitovu

Nilipozaliwa, baba yangu alifanya jambo lililowachekesha ndugu zake wote. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa huchaguliwa ngamia jike mchanga, ikasemwa amefungwa kwenye kitovu cha mtoto huyo. Tangu siku ile ngamia ni wake, yeye na uzao wake wote, na hata baba mwenyewe hawezi kumuuza kwa hasira wala kwa shida. Mimi nilikuwa wa kike. Baba akanifungia vilevile. Ndugu zake wakamuuliza kama jua limempiga kichwani, akawaambia kitovu ni kitovu, waende zao.

Kwa hiyo nilipoolewa nikahamia Garissa mjini, nilikuwa mwanamke mwenye kitu chake porini, na nilitembea nikijua hivyo. Ngamia wa kwanza alishakufa zamani. Aliyebaki alikuwa mjukuu wake, jike wa maziwa mengi na tabia mbaya, pamoja na ndama wake wa kike. Walikaa kwa kaka yangu upande wa Diff, karibu na mpaka. Wakati huo nilikuwa na mimba yangu ya kwanza na nilishaamua: awe mvulana, awe msichana, ndama yule atafungwa kitovuni mwa mwanangu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, nyumbani alikuja kama mgeni, na kwa jambo hilo hakuwa na pingamizi.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini na simu za mkononi hatukuzijua. Tulikuwa na taar, redio ya kuitia watu wa mbali. Ilikaa nyuma ya duka la nguo, imeunganishwa na betri ya gari, waya wake umetupwa juu ya mgunga. Unaketi kwenye benchi na wenzako, opareta anaita Diff, au Kutulo, au kambi ya wakimbizi ya Ifo, na mtu wako akipatikana unapewa kipaza sauti unasema, ukimaliza unasema "ova" ndipo naye aseme. Wanangu wanadhani wao ndio walioanza kuanika maisha yao hadharani. Wapi! Kwenye taar benchi letu zima lilisikia, benchi la upande wa pili lilisikia, na kila mwenye redio kati yetu akitaka alisikia. Tulijua nani ameachwa na nani anaharisha. Na sisi tulivyo, ukishasalimiwa unaulizwa habari, na ukiulizwa habari unazitoa zote: mvua imenyesha wapi, nani amezaa, nani amesafiri, wanyama wanalishwa upande gani. Kumnyima mtu habari ni kumtukana. Mwizi hakuhitaji kutuchungulia dirishani, tulimletea wenyewe.

Wezi wakajifunza. Sauti kwenye taar ilitoka kama imo ndani ya debe, wanaume wote walifanana na wanawake wote walifanana. Mtu aliita akajitaja kwa jina la mwingine, akapanga mababu mpaka wa saba bila kukosea, maana mababu si siri, kisha akasema mpe kijana huyu dume langu akaliuze. Jirani yetu mmoja, mzee wa watu, alipoteza wanyama namna hiyo akabaki kushika kichwa. Ndipo kaka yangu alipokuja mjini safari moja tukaketi sisi wawili tukapanga neno.

Mpango ulikuwa huu. Nikituma agizo lolote kuhusu ngamia wangu, yeye ataniuliza: ulipokuwa mdogo uliogopa nini? Nami nitajibu: kobe. Si fisi, si nyoka. Nilipokuwa mtoto nilimkuta kobe nyuma ya nyumba yetu, nikakimbia nikilia kwamba jiwe linanifuata. Kaka peke yake ndiye aliyeniona, akanicheka mpaka nikamrushia kata ya maziwa. Neno hilo lingetumika mara moja tu, kwa sababu likishatajwa kwenye taar ni la kila mtu, na tukionana tungepanga jingine. Sikumwambia hata mume wangu.

Sasa nimlete rafiki yangu. Tuliuza maziwa ya ngamia pamoja sokoni, kivuli kimoja, na tulifanya zamu kama wafanyavyo wanawake wa maziwa: leo madumu yako na yangu yote yanauzwa kama yako, kesho yote ni yangu. Zamu hufanyi na mtu usiyemwamini. Aliniita abaayo, yaani dada, nami nikamwita hivyo hivyo, na wateja walidhani tumezaliwa tumbo moja. Nilimpenda. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bado linaniudhi.

Asubuhi moja tulikuwa wote kwenye benchi la taar opareta akaniita. Sauti ya mwanamume, ngeni kwangu, ikasema: "Hii ni ofisi ya taar, Diff. Kaka yako ni mgonjwa, koo limeziba, hawezi kusema. Wiki hii tunabadilisha masafa. Taja neno lenu sasa hivi tuliweke hapa, la sivyo jina lako linaondolewa. Ova."

Nilimwogopea kaka, siwezi kudanganya. Lakini ulimi wangu ulikuwa mkali siku zile. Nikabonyeza, nikasema: "Kama koo limeziba, amewaambiaje kwamba tuna neno? Ova."

Hakukurudi kitu ila mkwaruzo wa redio. Benchi lilicheka, opareta akacheka, na rafiki yangu akacheka kuliko wote. Siku ya pili yake kaka alipatikana mwenyewe, koo lake zima kabisa. Nikatembea mjini nimejaa kiburi, nikiwafundisha wanawake wenzangu: mtu akikuharakisha, ujue ana lake, mtu wa ofisi hana kazi na neno lako, ukitishwa, kata, umtafute mtu wako mwenyewe. Yote hayo niliyajua wakati huo. Watu wanaolipwa kufundisha mambo ya simu leo hawajaniongezea mengi.

Siku ile ya kicheko, tukirudi nyumbani, rafiki yangu aliniuliza, "Abaayo, kwani kuna neno kweli?"

Nikamwambia lipo.

"Usiniambie," akasema, akaweka kiganja mdomoni mwangu. "Hata mimi usiniambie."

Nikamwamini mara mbili.

Nikajifungua msichana. Kwetu mzazi anakaa ndani siku arobaini, havuki kizingiti mpaka zitimie, na kila anachohitaji kinaletwa. Mume wangu alimwona mtoto, akamwombea dua, akarudi barabarani. Aliyebaki nami alikuwa rafiki yangu. Aliniletea supu ya mbuzi yenye mafuta yanayoelea juu, alimwogesha mtoto, aliuza maziwa yangu katika zamu zangu bila kupunguza. Alikwenda pia kwenye taar kwa niaba yangu akaniletea salamu za kaka.

Kisha ukame ukaingia. Mchana mmoja alikuja anahema, hata buibui hakulivua. Kaka yangu, akasema, anahama na wanyama kwenda mbali ambako hakuna taar. Kesho anaondoka. Anataka kujua ndama afungwe kwa mtoto au vipi, lakini hataki kupokea agizo bila neno. "Nimemwambia uko ndani. Anasema neno ni neno. Basi tuache, abaayo. Mtoto wa kike ataishi bila ngamia, wangapi wanaishi?"

Alijua pa kugusa. Mtoto alikuwa amelala mapajani kwangu. Nikamwaza baba yangu akichekwa na ndugu zake.

"Kobe," nikasema.

"Kobe?"

Nikamsimulia yote, jiwe linalonifuata, kata ya maziwa, na vile kaka kila akinikumbusha nacheka mpaka nakosa pumzi. Akasema, "Unachekaje?" kana kwamba hakuwahi kunisikia, nami nikacheka, naye akacheka, mpaka tumbo langu la uzazi likauma nikamwomba aache. Mchana ule nimeurudia mara nyingi kichwani. Sijaona mahali ambapo uso wake ulibadilika.

Arobaini ilipotimia nilioga, nikajifukiza, nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kwenye taar mwenyewe. Kumbe kaka hakuwa amehamia popote. Alipatikana palepale Diff. Akanipongeza, akamwombea mtoto, tukapeana habari zote za dunia kabla sijauliza kuhusu ndama wangu.

"Ndama yupi?" akasema. "Si ulisema apewe yule kijana uliyemtuma, yeye na mama yake, awavushe mpaka akauze? Ova."

"Nani alisema? Ova."

"Wewe. Nilikuuliza uliogopa nini, ukasema kobe. Nikakucheka, nawe ukacheka. Ulicheka vilevile, mpaka ukakosa pumzi. Ova."

Nilikiweka kile kipaza sauti juu ya benchi. Opareta alikuwa mtu mpole. Akaniambia, "Sema, mama. Anakungoja."

Nilimkuta rafiki yangu chini ya kivuli chetu, madumu yangu na yake yamepangwa pamoja. Nilimuuliza mbele ya wanawake wote. Aliendelea kupima maziwa ya mteja, hakumwaga hata tone, kisha akaapa: "Wallahi sijui unasema nini." Akawageukia wale wengine kwa sauti ya huruma. "Uzazi umemchosha. Tangu juzi anasikia mambo."

Na wakamwamini! Yeye ndiye aliyebeba supu barabarani siku arobaini mbele ya macho yao. Mmoja alinishika mkono akataka kunisomea dua.

Nilikwenda polisi. Askari wa zamu alikuwa mtu wa bara, akafungua kitabu chake, akaniuliza kwa Kiswahili nimeibiwa nini, nami siku zile kila p ilinitoka kama b.

"Ngamia, afande. Yeye na mutoto yake."

"Walivunja boma? Walikuwa na silaha?"

"Hakuna mtu alikuja na banga, afande. Alikuja na suba."

"Na nini?"

"Suba ya mbuzi."

Akakifunga kitabu taratibu. Wazee wa pande mbili walikaa pia, na baada ya kunywa chai nyingi walisema benchi lilizoea kumsikia rafiki yangu akisema kwa niaba yangu, agizo lilitoka na neno sahihi, na neno nililitoa mwenyewe kwa hiari yangu. Ndugu zake wakanitolea mbuzi wachache kwa ajili ya amani. Niliwapokea kwa sababu kaka aliniomba, na sikuwahi kunywa maziwa yao. Yeye akahama mji muda si mrefu. Hakuwahi kukiri, hakuwahi kuniomba msamaha, na mwaka wa kwanza, Mungu anisamehe, kila akipita mtu na supu mkononi nilimtafuta.

Ngamia niliwalilia, hilo sifichi. Lakini ngamia huibwa, na ngamia hufa. Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba aliketi kwenye benchi lile, watu wanasikia, akacheka kicheko changu kwa kaka yangu, na kaka yangu akafurahi kunisikia.

Yule mtoto wa mgongoni sasa ni mtu mzima, ana kazi ya ofisi hapahapa Garissa na maisha yake yote yamo kwenye simu. Juzi alipata ujumbe wenye jina na picha ya binamu yake: abaayo, kuna tarakimu zimetumwa kwako kwa bahati mbaya, nirudishie haraka. Hakurudisha kitu. Alimpigia binamu mwenyewe, akaisikia sauti yake, kisha akamuuliza jambo la utotoni mwao, na binamu akashangaa kwa sababu hakuwa ametuma lolote. Ukurasa wake ulikuwa umeshaingia mikononi mwa mtu. Nilifurahi, nikamwombea dua.

Jioni hiyohiyo simu yangu ikaisha chaji nami nilitaka kumpigia kaka kuhusu mbuzi wa Idi. Binti yangu alikuwa anakanda unga. Nikachukua simu yake nikamwambia anitajie namba ya kuifungulia. Akanawa mikono, akaichukua, akanipa mgongo, akaifungua mwenyewe ndipo akanipa.

"Usikasirike, hooyo," akasema. "Wewe ndiye ulinifundisha."

Ni kweli nilimfundisha, na niliumia. Nilitaka kumfungia ngamia kitovuni, badala yake nimemfundisha kumpa mama yake mgongo.

Kaka akapokea. Ni mzee sasa, masikio yake mabovu, lakini mambo ya mifugo bado hayaanzi bila swali lake. Akaniuliza. Binti yangu alikuwa amerudi kwenye unga, hatua chache kutoka nilipo. Niligeukia ukutani, nikafunika mdomo kwa mkono, ndipo nikajibu.