Tarakimu Sita za Kaka

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Kazi yangu hapa Garsen ni kupokea fomu za watu, na imenifunza jambo moja: anayebuni namba huchoka upesi, akaanza kuzungusha tarakimu zile zile.

Kwa hiyo baba alipofariki na kaka yetu mkubwa akagawa shamba la Ngao, nilikwenda nimekaa chonjo. Shamba lina mita mia kando ya mto, nasi tuko saba. Tulikubaliana vipande viwe sawa, hata vya sisi mabinti, jambo ambalo baba zetu wadogo walilinung'unikia. Kaka alipima peke yake, akapigilia vigingi sita, kisha akatuonyesha karatasi yenye umbali wa kila kigingi kutoka mwanzo wa shamba.

142857. 285714. 428571. 571428. 714285. 857142.

Nukta hakuweka hata moja. Nilizitazama, damu ikanichemka. Tarakimu zile zile, mara zote sita! Hapakuwa na tatu, wala sita, wala tisa, hata sufuri.

"Kaka, hizi umetunga," nikasema mbele ya wote. "Unatupunja sisi mabinti."

Kaka alinipa simu yake. "Piga hesabu wewe, dada."

Niligawa mia kwa saba. Ikaja mita kumi na nne na ushee, 14.2857, yaani namba yake ya kwanza bila nukta. Nikaizidisha kwa mbili, ikatoka ya pili. Kwa tatu, ikatoka ya tatu. Mpaka kwa sita tarakimu zilifuatana kwa mzunguko ule ule, kilichobadilika ni ipi itangulie tu. Bado sikuridhika. Nilizidisha 142857 kwa saba, nikapata 999999.

"Na moja ya kutimiza milioni, ndiyo mita mia kamili, iko wapi?" nikauliza, maana nilikuwa natafuta pa kushika.

Wadogo zangu walicheka. Kaka hakucheka. Alisema hiyo moja, ardhini, haifiki unene wa ukucha.

Hata hivyo nilichukua kamba nikapima kipande changu, mwanzo hadi mwisho, huku yeye amesimama pale akiniangalia. Kilikuwa sawasawa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini msamaha sikuomba. Nilijiambia nitamwomba tukiwa wawili, na hadi leo sijamwomba.

Kila msimu wa maembe kaka huniletea gunia Garsen, la maembe ya miti iliyo upande wangu, ameyachuma kwa mikono yake. Zamani, maembe yakiwa bado ya baba, alikuwa akilitua mlangoni na kuingia moja kwa moja kunywa chai. Siku hizi husimama nje, akafungua gunia mwenyewe.

"Hesabu kwanza, dada," huniambia.

Nami, Mungu anisamehe, huyahesabu.