Mama Mkwe Hakuacha Natto

Sikumpenda mama mkwe wangu, na sitajitia kumpenda leo kwa sababu kafa. Aliitwa Toku, mjane wa mzee Kurosaka mwenye kiwanda cha natto, yaani soya zilizovundikwa mpaka zikavuta utelezi, karibu na daraja, mkoani kwetu Ibaraki. Niliolewa na mwanawe Yasuhide nikiwa na miaka ishirini na minne, nikaishi na bibi yule chini ya paa moja miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo hakuniita jina langu hata mara moja. Naitwa Ritsuko. Yeye aliniita "wewe".

Haki yake nampa: kazi aliijua. Aliletwa nyumba ile akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, akachemsha soya na mimba tumboni, akafunga soya katika majani makavu ya mpunga mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato. Mumewe alipoanguka na kiharusi, watu walidhani kiwanda kitafungwa. Thubutu! Wiki ya pili baada ya maziko Toku alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa chumba cha kuvundikia, bakuli mkononi, anaonja. Tangu siku hiyo, hakuna fungu la natto lililotoka kwetu kabla yeye hajaonja. Kila alfajiri ilikuwa hivyo. Anakoroga kwa vijiti, anainua, anatazama utelezi unavyovutika, ananusa, anakula matonge matatu bila chumvi wala mchuzi. Kisha ama anasema "Itoke," ama anasema "Wapeni kuku." Dereva na wafanyakazi sita wanasubiri mdomo wa bibi mmoja. Mimi nilisubiri kiti kile miaka thelathini na mmoja, sioni haya kusema.

Msimu wa majani kuwa mekundu moyo wake ukaanza kwenda mrama. Alikuwa anapanda ngazi, akashika ukuta, akasema kuna kuku anapapatika kifuani mwake. Tulimpeleka kwa daktari Nemoto, nyuma ya stesheni. Nemoto akampima, akasema mapigo hayana mpangilio, damu inatuama ndani ya moyo, na ikituama inaganda, na donge likipanda kichwani ni kiharusi kama cha marehemu. Vidonge vipya wanavyopewa wenzake havikumfaa, maana homa ya utotoni ilimharibia mlango mmoja wa moyo. Akaandikiwa dawa ya zamani ya kuzuia damu isigande, vidonge viwili kila jioni.

"Ila kuna jambo moja, mama," daktari akasema, na nikaona anatafuta pa kutazama. "Natto uache. Moja kwa moja. Hata punje."

Toku akacheka. Alicheka mpaka nesi akachungulia. "Daktari, wewe mwenyewe unanunua kwangu!"

"Nanunua. Lakini natto ina kitu kinachosaidia damu kuganda. Unameza dawa jioni, asubuhi unakula kinachoifuta. Ni sawa na kuteka maji kwa pakacha."

Nje hatujafika hata garini akaanza. "Mjinga yule! Nchi nzima inajua natto inasafisha damu. Televisheni inasema kila wiki. Natto inalainisha damu, dawa inalainisha damu. Si kazi ile ile? Wawili wakibeba gunia si ndio linakuwa jepesi?" Akanigeukia. "Au umemnong'oneza wewe?"

"Mimi nimnong'oneze nini, mama?"

"Kwamba bibi aondolewe mlangoni. Unadhani sijui unavyokitazama kiti changu?"

Yasuhide, mume wangu, alikuwa anaendesha. Alitazama barabara. Ndivyo alivyokuwa kila tulipogombana, mwanamume mzima anatazama barabara hata akiwa amekaa sebuleni.

Basi bibi hakuacha. Kila alfajiri bakuli, matonge matatu, na baada ya hapo kifungua kinywa chake kamili, wali na natto juu. Jioni anameza vidonge vyake bila kukosa, tena mbele yangu, anatoa ulimi kunionyesha vimekwisha. Baada ya wiki mbili tukarudi kupima. Damu ilitakiwa ifike kama mbili kwenye kipimo chao cha wepesi. Ilikuwa moja nukta moja, sawasawa na mtu asiyemeza kitu.

"Mama, natto unakula?" Nemoto akauliza.

"Hata punje," akajibu, mkavu kabisa.

Daktari akanigeukia mimi. "Kweli?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kwenye viti vya kusubiria walikaa mama wa duka la mchele, fundi wa mapaa, na wale mapacha wazee wanaonunua mafungu kumi kila Jumamosi. Wote wateja wetu, wote masikio wima. Ningesema nini? Kwamba bibi wa nyumba ya Kurosaka natto yake inamuua, na hawezi kujizuia? Nilihisi vidole vya Toku vinanifinya paja.

"Kweli, daktari," nikasema. "Hali natto."

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi maradhi hatukuyaficha, tuliyatangaza mpaka kwa muuza samaki. Tulificha chakula.

Nemoto akaandika vidonge vitatu. Mara ya tatu akaandika vinne. Kila mara aliuliza, kila mara bibi alikana, kila mara nilitikisa kichwa kuunga mkono, na kila mara alinitazama kidogo kabla ya kuandika. Mwaka mpya ulipita. Mwezi wa pili, kwenye vidonge vitano, kipimo kikafika mbili kamili. Nemoto alifurahi. Akasema sasa atulie hapo hapo, asibadilishe chochote, tarehe ya kupima tena ni baada ya mwezi mzima.

Kesho yake alfajiri Toku alionja natto ya fungu langu. Soya ile nilikuwa nimeiloweka mimi, nimeichemsha mimi, nimeifunga mimi. Alitia tonge mdomoni, akatafuna, akatema kwenye kiganja mbele ya wafanyakazi wote.

"Inanuka mkono wake," akasema. "Wapeni kuku."

"Mama, ina kasoro gani?" nikauliza. "Niambie kasoro."

"Kasoro ni wewe. Mnamwona huyu?" Akawageukia wafanyakazi. "Alitaka niache natto ili nife haraka. Nimekula kila siku, na jana daktari kaniambia damu yangu iko safi. Natto na dawa vimesaidiana, kama nilivyosema. Angekuwa na akili angenyamaza apike. Mwanamke miaka thelathini jikoni, hajui hata kuloweka!"

Mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Uso wangu uliwaka. Nilisimama pale na ndoo mkononi, nikajisemea moyoni, haya, leo basi.

Mchana nilimwita fundi akabadilisha kufuli ya chumba cha kuvundikia. Ufunguo nikautundika kiunoni mwangu. Jikoni nilitoa kila fungu la natto, nikawapelekea majirani. Kesho yake bibi aliposhuka alinikuta nimekaa kwenye kiti chake na bakuli.

"Toka hapo," akasema.

"Sitoki. Daktari kasema usile. Kuanzia leo hutakula, na mimi ndiye nitakayeonja."

"Yasuhide! Njoo umwone mkeo!"

Yasuhide alikuja, akasimama katikati yetu, akajikuna shingo. "Mama," akasema, "kwa kweli daktari alikataza."

"Ala! Na wewe?" Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia, akasema polepole, "Wewe. Utakaa hapo, lakini ulimi huna." Akapanda juu.

Niliionja natto yangu, nikasema, "Itoke," na ikatoka. Wallahi ilikuwa tamu, sikuwahi kula tamu kama ile.

Sasa mtauliza, je, sikumpigia daktari? Sikumpigia. Ningempigia nimwambie nini? Kwamba ameacha? Angeuliza, ameacha lini, si mliniambia hali natto? Nilikuwa nimemdanganya mtu yule mara sita, usoni, na nesi anasikia. Na nilijiambia, anachokifanya ni kile kile daktari alichoagiza, hivyo taarifa ya nini? Kipimo ni mwezi ujao, kitajionyesha chenyewe. Kila jioni nilimpa vidonge vyake vitano na kikombe cha maji. Sasa hakutoa ulimi. Alivimeza akinitazama tu.

Siku ya saba fizi zake zilitoa damu alipopiga mswaki. Akasema ni hasira. Siku ya tisa nikaona doa la zambarau kwenye mkono, kubwa kama kiganja cha mtoto, mahali alipoegemea meza tu. Nikaona jingine gotini. Niliyaona, sikatai. Simu ilikuwa ukutani, namba ya Nemoto imeandikwa kwa wino mwekundu juu yake. Nilifika mpaka pale, nikainua, nikasikia mlio, nikaiweka chini. Nilijiambia, wiki ijayo.

Siku ya kumi wifi yangu Hatsuyo akaja kwa ajili ya kuzuru makaburi, kama anavyokuja kila mwezi wa tatu, na kikapu cha vitumbua vya wali na maharage matamu. Aliingia kwa mama yake akiwa na furaha, akatoka akiwa kichaa.

"Unampiga mama!"

"Nani anampiga?"

"Mikono imejaa michubuko! Shingoni kuna doa! Unamfungia chakula na unampiga!"

"Chakula gani? Natto! Daktari kaikataza!"

"Mkuki kwa nguruwe, Ritsuko. Angekuwa mama yako ungemfunga kwa kufuli?"

"Mama yangu angenisikiliza."

"Mama, sema! Amekupiga?"

Toku alikuwa amesimama kwenye ngazi. Angeweza kusema hajapigwa. Alikaa kimya, akaniangalia, na nikaona kona ya mdomo inamcheza. Aliona afadhali nionekane mpigaji kuliko aseme neno moja la kunitetea. Na mimi niliona afadhali niitwe mpigaji kuliko niseme mbele ya wifi yule kwamba nimemdanganya daktari miezi mitano. Tulikuwa wawili wa sampuli moja, Mungu ndiye anayejua nani alimfundisha mwenzake.

Hatsuyo alilala kwetu ili amlinde mama yake dhidi yangu. Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, Toku alikuwa amekaa kwenye meza ya joto, ile fupi yenye blanketi na kipasha moto chini yake, anasoma gazeti. Akasema kichwa kinamuuma. Hatsuyo akaenda kumletea chai. Aliporudi mama alikuwa ameegemea pembeni, jicho moja wazi, na gazeti bado liko mkononi.

Hospitali kuu daktari kijana alitoka na karatasi. Haikuwa kiharusi cha donge. Damu ilikuwa imevuja kichwani, na ilikuwa nyepesi mno haikuweza kujifunga. Kipimo kilitakiwa mbili, kilikuwa saba na zaidi. Akauliza kama kuna kitu kilibadilika karibuni. Yasuhide akatazama sakafu. Hatsuyo akanitazama mimi. Nikasema hakuna.

Siku ya pili mchana Nemoto alikuja. Alikuwa amevaa suti nyeusi, kama mtu aendaye msibani. Hakutusalimia hata. Aliingia chumbani alimolala Toku na mipira puani, akapiga magoti sakafuni, akainama mbele yetu sote mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mzee wa miaka sitini na tano.

"Kosa ni langu," akasema. "Dawa niliiongeza mimi, na nikampa tarehe ya mbali. Sina la kujitetea. Baada ya haya sitatibu moyo wa mtu tena."

Yasuhide alianza kulia. Hatsuyo alisema, "Inuka, daktari, si wewe," akanitazama kama mwiba. Na mimi kwa mara ya kwanza katika miezi mitano nilishindwa. Hasira yangu haikuwa na pa kusimama tena, mzee wa watu yuko chini, ananiomba msamaha mimi.

"Daktari, inuka," nikasema. "Tulikudanganya. Alikuwa anakula natto kila siku. Nilijua."

Aliinua kichwa, hakuinuka. "Najua alikuwa anakula," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nani asiyejua? Bibi wa nyumba ya Kurosaka? Nina wagonjwa kumi na wanane wa dawa ile mji huu. Wote wananiambia hawali, na wote wanakula. Nikiwabana wanaacha kuja kabisa. Kwa hiyo nauliza, mnakana, na mimi napima dawa kulingana na natto. Vile vitano nilimpa kwa sababu anakula. Pamoja na natto yake damu yake ilikuwa sawa." Akanitazama. "Aliacha lini?"

"Kesho yake baada ya kipimo. Nilimwachisha mimi. Nilitia kufuli."

Hatsuyo alinirukia, Yasuhide akamshika. Nemoto hakumwangalia hata kidogo. Alikuwa bado amepiga magoti, na sauti yake haikupanda.

"Ungepiga simu, Ritsuko," akasema. "Ungesema 'ameacha', basi. Ningepunguza vidonge viwili siku ile ile. Nisingekuuliza hata kwa nini."

Mama mkwe alikata roho Alhamisi bila kuamka. Neno moja tu lilitakiwa, na nililikalia siku kumi na mbili, kwa kumkomoa bibi wa miaka sabini na tisa.