Siku Kwaya Nzima Ilipokuja Kuupima Utafiti Wangu

Mkicheka mcheke tu, nimeshazoea, maana hata leo nikipita hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, kuna watu wananiita Profesa Kanada, na kila nikilisikia hilo jina natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mnajua kabla ya vita nilikuwa nafundisha mambo ya mawasiliano chuoni, kule Uvira, Kongo, na kazi niliyojivunia kuliko zote ni utafiti wa namna uvumi unavyosambaa watu wakiwa na hofu (shikeni hapo, mtaona aibu yangu ilipo). Vita ya pili ya huko ilipotufukuza niliacha kila kitu, vitabu, makala, hata viatu vyangu vizuri, kwa hiyo chuo kimoja cha Lilongwe kiliponiita mtaa wa Area 47 kunihoji, wakasema wanataka kupima uzito wa utafiti wangu, yaani ni nani wameunukuu na ni nani nimeshirikiana nao, mimi sikuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha. Na ile kazi niliitaka, jamani! Mke wangu Furaha alikuwa amechoka kupika mahindi ya mgao, na mimi nilikuwa nimechoka kuitwa mwalimu bila hata chaki mfukoni.

Sasa sisi wakimbizi, karatasi zikiungua tunapeleka watu. Ukitaka kuthibitisha ndoa unapeleka watu, ubatizo unapeleka watu. Nikajisemea, basi na utafiti nao nitaupelekea mtu. Aliyefanya kazi nami kweli alikuwa mmoja tu hapa kambini, Mama Neema, fundi cherehani, ambaye zamani alikaa soko la Uvira akinikusanyia maneno ya wauza samaki. Nikamfuata kwenye cherehani yake.

"Mama Neema, kesho twende Lilongwe useme tulifanya recherche, ule utafiti wa sokoni, pamoja. Lakini usimwambie mtu."

"Mwalimu, mi niko kaburi," akajibu.

(Usimwambie mtu! Mimi, niliyeandika sura nzima kueleza kwamba hayo ndiyo maneno yanayoupa uvumi miguu!)

Asubuhi natoka nyumbani nakuta kwaya nzima ya kanisa letu imesimama barabarani na sare zake, imepaka mafuta inang'aa. Kiongozi wao, Papa Zabuloni, akanishika mkono kwa heshima zote.

"Mwalimu, banasema bantu ba recherche yako banaenda Kanada. Mi njo nilikuwaka wa kwanza."

Eti yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Wa kwanza wapi! Mzee huyo alikuwa analima mihogo huko Fizi, mimi nimemjua hapa hapa Dzaleka. Nikakana, nikaapa, nikafoka kwamba hakuna Kanada, hakuna majina yanayoandikwa ya wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo, hakuna ndege, kuna kazi ya kufundisha tu, nao wakatazamana wakatabasamu. "Munaona? Anaficha." Kadiri nilivyokana ndivyo walivyoamini, na hilo nalo nilikuwa nimeliandika. Nikamvuta Mama Neema tukapanda matola, pikapu ya kulipia, na kugeuka nyuma naona pikapu nyingine inatufuata, imejaa sare.

Mwenyekiti wa waliokuwa wananihoji alikuwa profesa mmoja Mtanzania, mtu mpole. Ndiyo kwanza nimeanza kumweleza habari za karatasi zangu, tukasikia pambio nje.

"Hao ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Papa Zabuloni ameshaingia na watu wake, anashukuru kwa Kichewa. "Zikomo, baba, zikomo! Sisi njo tulifanya naye recherche."

Profesa akafurahi, maskini, akauliza utafiti ulihusu nini. "Samaki," akasema mmoja. "Malaria," akasema mwingine. Mama mmoja Mrundi akafumba macho akasema, "Amani, na upendo wa Yesu."

Mama Neema alikuwa amesukumwa mpaka mlangoni. Akapenya kwa viwiko mpaka mbele. "Babo bote banadanganya! Mi njo wa kweli!"

Kwaya ikaitikia kwa pamoja, soprano mpaka besi: "Na sisi njo ba kweli!"

Basi hapo hata ukweli ukawa uongo. Mama Neema akaeleza soko, akaeleza wauza samaki, lakini nani angemsikia? Profesa akavua miwani.

"Mwalimu," akasema, "sijawahi kuona mtafiti anayenukuliwa na watu wengi hivi, na wote wakamnukuu vibaya."

Kazi akapewa mwingine. Niliumia, siwafichi. Na aliyenuna hakuwa profesa wala mimi, bali Papa Zabuloni, eti nimemnyima Kanada!

Jioni Furaha, akisonga nsima, ugali wa huku, akaniuliza, "Kwani uliambia nani?"

"Mtu mmoja tu."

"Mmoja njo bote, papa," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Toka siku ile nimeapa, siri yangu haitoki tena. Nikitaka kwenda Lilongwe nawaaga majirani kwamba naenda chooni. Na hata hivyo, juzi Papa Zabuloni akaniita kwa sauti ya chini, akaangalia huku na huku, akaniuliza kama huko chooni wameanza kuandika majina.