Anayeonja Kwanza

Kihenge cha Dorothea kilijaa mtama mpya hadi mdomoni, na bado mama huyo alikuwa akinunua unga dukani. Pale kijijini Mlali watu walisema ana kichwa kigumu. Hawakukosea, ila sababu alikuwa nayo. Tangu aolewe katika nyumba ile, mavuno mapya hayaliwi kabla mwanamume mkubwa wa nyumba hajaonja. Mumewe alipofariki, zamu ikamwangukia mwanawe Gerson, askari. Na Gerson alikuwa Kongo, kwenye kikosi cha kulinda amani.

Redio ilitangaza kwamba hii ndiyo operesheni ya mwisho, waasi wamebanwa milimani. Baadaye ikatangaza kwamba wamesalimu amri, vita vimekwisha. Simu ya Gerson haikupatikana. Dorothea aliichukia ile redio, lakini hakuizima.

Asubuhi moja akaja shemeji yake, Batholomeo, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, niache nionje mimi. Fukusi wameshatutangulia kuula huo mtama."

"Ukionja wewe, umeshika nafasi yake. Nafasi ya mtu haishikwi akiwa hai."

"Na kama hayupo tena?"

"Basi waniletee mwili."

Yasinta, mke wa Gerson, alikuwa akichambua mlenda pembeni. Akainamisha uso. Dorothea naye aliogopa, ila hakutaka mkwewe aione hofu yake.

Mwezi uliofuata Gerson akarudi, amekonda, lakini mzima. Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Akafungua kihenge, akasaga, akasonga ugali mwenyewe, akamwita Batholomeo. Wakanawa, wakamtazama mwenye zamu.

Gerson akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akabaki nalo mkononi.

"Kule mwishoni tuliingia kijiji kimoja," akasema. "Vihenge vimejaa, mama. Wa kula hayupo hata mmoja."

Akamvuta bintiye mdogo, Lydia, akamtia lile tonge mdomoni.

"Aonje huyu."

Lydia akatafuna, akaomba jingine. Batholomeo akashusha macho, maana sheria ya nyumba ile aliijua: nafasi ya mtu haishikwi akiwa hai. Dorothea akamsogezea mwanawe sahani, akamwambia ale kabla ugali haujapoa. Gerson akaitikia vizuri, kwa heshima zote, na hakula. Miezi yote ile mama alikuwa amekataa kumzika mwanawe, na sasa mwanawe amejizika mwenyewe, ameketi pale pale mbele yake.